Mbegu Iliyofichwa Ndani ya Laptopu

Wambeti alirudi kutoka kisimani akamkuta mumewe ameingiza kichwa ndani ya pipa la unga. Runji alikuwa mtu mzima, mzee wa kanisa na katibu wa kwaya. Lakini njaa ya ndengu haijali cheo.

"Unatafuta nini humo, Baba Mukami?"

Runji alitoa kichwa. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga.

"Natafuta ndengu kidogo tu. Mchuzi wa leo naona ni mwepesi."

"Ndengu za kupika zilikwisha."

"Na zile za mbegu?"

"Zipo."

"Ziko wapi?"

Wambeti alishika ufagio akaanza kufagia. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kila mwaka, na Runji alilijua vizuri.

Kila baada ya mavuno, Wambeti alichagua ndengu nzuri kuliko zote. Alizichanganya na majivu ili wadudu wasizitoboe. Kisha alizitia ndani ya kibuyu, akaziba mdomo wake, akakificha. Aliwaogopa wadudu, lakini alimwogopa Runji zaidi. Mwaka mmoja wa ukame, Runji alikipata kibuyu nyuma ya kitanda. Walikula mbegu zote kwa furaha kubwa. Mvua iliponyesha, walienda kuomba mbegu kwa jirani huku wameinamisha vichwa. Tangu hapo kibuyu kilihamahama kama mpangaji asiyelipa kodi.

Nyumba yao ilikuwa Kiambere, si mbali na bwawa la umeme. Huko jua huwaka bila huruma. Katika nyumba ya jirani alikuwa amepanga Kajuju, mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi. Kajuju alitoka Timau, kwenye baridi ya Mlima Kenya. Alipofika mara ya kwanza alibeba sweta tatu nzito. Wambeti alimcheka, kisha akampelekea maji baridi ya mtungi, na urafiki ukaanza hapo. Kimeru cha Kajuju na Kimbeere cha Wambeti vilisikilizana nusu. Nusu iliyobaki waliimaliza kwa Kiswahili.

Juu ya meza ya sebuleni, chini ya kitambaa cheupe cha kufuma, kulikuwa na laptopu. Ilikuwa ya Mukami, binti yao wa pekee, aliyefanya kazi mjini Embu. Alipopata nyingine, alimwachia baba yake hii ya zamani kwa kazi ya kwaya. Wambeti hakuwa na haja na nyimbo za kwaya zilizokuwa humo. Alipenda kitu kimoja tu ndani ya mashine ile, nacho ni sauti ya mama yake.

Mama yake aliitwa Ciakuthii. Kabla ya kufariki, bibi huyo aliketi kwenye kigoda nje ya jiko, na Mukami akamrekodi kwa simu. Alimbariki mjukuu wake kwa ajili ya siku ya harusi, ingawa wakati huo hata mchumba hakuwepo. Katikati ya baraka, kuku aliingia jikoni. Cucu, kama mjukuu alivyomwita bibi yake, alikatiza maombi akamfukuza. "Toka wewe," alisema, "huoni nabariki mtu?" Kisha akaendelea pale alipoachia. Baadaye simu ya Mukami ilitumbukia ndani ya tangi la maji, na sauti ikabaki kwenye laptopu peke yake. Kila Jumapili, baada ya kanisa, Wambeti alimwomba Runji aifungulie. Akifika mahali pa kuku alicheka. Kisha alimwomba Runji airudie.

Sasa mchumba alikuwa amepatikana. Jina lake lilikuwa Mutugi, kijana wa Kinoru huko Meru, mpole na mwenye kicheko. Jumamosi iliyofuata ilikuwa harusi. Wambeti alikuwa ameshapanga kila kitu moyoni. Kabla ya keki kukatwa, watu wangenyamazishwa, na Cucu Ciakuthii angembariki mjukuu wake mbele ya wote.

Lakini laptopu iliugua.

Runji ndiye aliyeiletea ugonjwa. Alitaka programu ya kuandikia nyimbo, akaipata mahali fulani kwenye mtandao, ya bure. Tangu siku hiyo picha za kamari zilirukaruka kwenye kioo. Kila mara mashine ilimwambia mzee wa kanisa kwamba ameshinda. Ilikuwa nzito pia. Ungeweza kuiwasha, ukaenda kukama mbuzi, ukarudi na maziwa, nayo bado inajifikiria. Siku nyingine ilijizima katikati ya kazi.

Siku ile ile ya pipa la unga, Runji aliipeleka kwa fundi mmoja sokoni. Alirudi nayo kwapani, mdomo ameukunja.

"Amesema nini?" Wambeti aliuliza.

"Amesema ataosha kila kitu, aweke Windows ingine."

"Na sauti ya mama?"

"Nilimuuliza. Amesema kila kitu ni kila kitu."

Wambeti aliichukua laptopu kutoka kwapani mwa mumewe. Aliishika kwa mikono miwili.

"Mama yangu nilimzika mara moja," alisema. "Sitamzika mara ya pili sokoni."

Alivuka ua hadi kwa Kajuju. Runji alimfuata nyuma. Mwalimu alikuwa chini ya kivuli chembamba cha ukuta, akijipepea kwa daftari la mwanafunzi.

"Mwalimu, hii kitu imegoma," Wambeti alisema. "Na Jumamosi ni harusi."

Kajuju aliipokea. Kabla ya kuiwasha, aliinua kitambaa cheupe kilichokuwa bado kimeifunika.

"Hiki kitambaa huwa mnakitoa mkitumia?"

"Tunakunja hapa mbele tu," Runji alisema. "Nyuma kinabaki. Vumbi ya huku unaijua."

"Hapa kando ndipo inapumulia. Mkifunika inapata joto, halafu inajizima. Ikilala, muifunike. Ikifanya kazi, muiache wazi ipumue kama nyinyi."

Wambeti alikikunja kitambaa. Alikuwa amekifuma mwenyewe.

Kajuju aliiwasha laptopu, akangoja, akatazama picha za kamari zikirukaruka. Hakushtuka.

"Hii si kifo," alisema. "Ni uchafu mwingi tu, pamoja na virusi. Tunaweza kuirudisha hali ya kiwandani. Itakuwa vile ilivyokuwa siku Mukami aliitoa dukani."

"Kwani tuirudishe kiwanda?" Runji aliuliza. "Kiko wapi?"

"Hakuna kwenda mahali, Baba Mukami. Kiwanda kiliacha kila kitu hapa ndani. Ngoja niwaonyeshe."

Alibofya mahali fulani. Kwenye kioo ukatokea mstari mrefu uliogawanywa vipande, kama shamba lililopimwa na kuwekewa mipaka.

"Hii yote ndiyo diski. Diski ni ghala la kompyuta," Kajuju alieleza. "Hiki kipande kikubwa ndicho mnatumia. Nyimbo, picha, barua, zote ziko hapa. Sasa muone hiki kidogo cha mwisho. Kinaitwa sehemu ya kurejesha. Kwa siku za kawaida hamkioni, kwa sababu kimefichwa."

Runji alisogea hadi pua ikakaribia kioo.

"Kumbe! Mimi kila siku naambiwa kompyuta imejaa, na kuna shamba limelala bure? Mwalimu, si tufyeke hapo tupande nyimbo?"

"Hapana, Baba Mukami. Ukifuta hapo, umeharibu. Hapo watengenezaji waliweka nakala safi ya Windows na programu ilizokuja nazo. Sehemu ile ingine ikiharibika, kompyuta inachukua kutoka hapa na kuanza upya."

"Sasa kama ni kitu kizuri hivyo, kwa nini wamfiche mwenye mali?"

Wambeti alianza kucheka. Alicheka hadi akashika ukuta.

"Unauliza kwa nini?" alisema. "Wewe? Na unga bado uko kwenye nyusi?"

Runji alijipangusa nyusi.

"Hiyo ni kibuyu, Baba Mukami. Hao watu wa kiwanda ni kama mimi. Wameweka mbegu kando, halafu wakaificha ili mtu kama wewe asiipike."

Kajuju alimtazama jirani yake kwa furaha. "Mama Mukami, hilo nitalichukua nikafundishe darasani," alisema.

Kisha uso wake ukawa wa kazi. "Lakini kuna jambo moja. Kiwanda hakimjui Cucu. Kwenye hiyo mbegu yao sauti yake haimo. Tukirejesha, kila kitu mlichoweka nyinyi kitafutika. Kwa hivyo lazima kwanza tutoe nakala, tuiweke nje."

Kicheko cha Wambeti kilikatika.

Kajuju aliingia ndani akatoka na flashi mpya, ndogo kama kidole gumba. Muda wa kufundisha ulikuwa umefika, akachukua mkoba wake.

"Nikitoka darasani nitakuja tuendelee."

"Kunakili niachie mimi," Runji alisema. "Hapo hata mimi ni mwalimu."

Walirudi nyumbani. Runji alichomeka flashi. Kwenye kioo cha mbele palikuwa na picha ndogo iliyoandikwa Cucu. Aliishika, akaipeleka kwenye flashi, akaiacha huko. Haikuchukua muda hata wa kupiga chafya. Kisha aliibofya pale pale kwenye flashi. Kikohozi cha Ciakuthii kikasikika, halafu salamu zake.

"Umesikia?" Runji alisema. "Imetoka. Sasa nikorogee hiyo chai iliyo motoni."

Wambeti hakuinuka. Alikuwa akiitazama flashi ile.

Kila mwaka, kabla ya mvua, alifanya kazi moja ambayo mama yake alimfundisha. Alichota ndengu kidogo kutoka kwenye kibuyu, akazifunga kwenye kitambaa kibichi, akazingoja. Zikitoa miche, alijua mbegu ni hai. Zikioza, alijua mapema, kabla hajatupa jasho shambani. Mbegu nzuri kwa macho zilikuwa zimeshamdanganya. Hakuwahi tena kupanda kitu kabla ya kukijaribu.

"Baba Mukami, hiyo kitu itoe."

"Ya nini? Si umeisikia?"

"Nimeisikia ikiwa ndani ya laptopu. Nataka niisikie ikiwa nje."

"Mama Mukami, wewe sasa unataka kufundisha mashine."

"Nataka kuijaribu tu. Tia kwenye redio."

Redio yao ilikuwa na tundu la flashi. Kwaya ilipenda kuitumia siku za mazoezi. Runji aliichomeka flashi huku akitabasamu, kama mtu anayemridhisha mtoto. Redio ilimulika taa, ikatafuta, ikanyamaza. Alibonyeza tena. Ikanyamaza vile vile.

Runji aliitoa flashi, akaipuliza, akairudisha. Hakuna kikohozi, hakuna salamu, hakuna kuku.

Tabasamu lilimtoka. Aliketi kitini, flashi mkononi, na chai ikachemka hadi ikamwagikia moto. Wambeti aliogopa kuliko alivyoogopa siku nyingi. Kama wangemkabidhi mwalimu flashi ile na kusema tayari, mwalimu angebonyeza, na mama yake angekwenda.

Kajuju alipofika jua likielekea kushuka, aliwakuta wamekaa kama watu wa matanga.

"Kuna nini?"

"Mimi nimeshinda kwa kamari," Runji alisema kwa sauti ndogo, "lakini hii flashi imenishinda. Redio haisomi kitu."

Kajuju aliichomeka flashi kwenye laptopu akaitazama mara moja. Aliivuta mikono ya wote wawili karibu na kioo.

"Muone hapa kwenye pembe ya hii picha. Mnaona mshale mdogo?"

Waliuona. Ulikuwa mdogo kweli.

"Huu mshale unamaanisha hii si sauti yenyewe. Ni njia ya mkato. Ni kama kile kibao cha barabarani kinachoonyesha kanisa liko wapi. Baba Mukami aling'oa kibao, akakibeba. Kanisa likabaki pale pale. Ukibofya kibao kikiwa kwenye laptopu, kinakupeleka kanisani. Ukikipeleka kwenye redio, kinaonyesha mahali ambapo redio haiwezi kufika."

"Kwa hivyo mama yuko bado humu ndani?" Wambeti aliuliza.

"Yuko. Tumtafute."

Kajuju aliibofya ile picha kwa upande wa kulia wa kipanya, akachagua mahali pa kufungua makao ya faili. Folda ikafunguka, na ndani yake kulikuwa na faili ya sauti, haina mshale. Aliinakili kwenye flashi. Safari hii mashine ilichukua muda, ikionyesha mstari unaojaa polepole. Runji alitazama mstari ule kama anayeangalia maziwa yasifurike. Kisha wakanakili nyimbo za kwaya na picha za Mukami.

"Redio," Wambeti alisema.

Redio ilimulika taa. Ikatafuta. Ciakuthii akakohoa.

Alisalimu. Akamtaja Mukami, na mume ambaye hakumjua, na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa. Kuku akalia. "Toka wewe," alisema, "huoni nabariki mtu?" Wambeti alikaa sakafuni akalia waziwazi, bila kuficha uso. Alimpenda mama yake, na alikuwa amekaribia kumpoteza kwa sababu ya mshale mdogo. Runji alikaa sakafuni karibu naye, bila kujali suruali yake ya kanisani.

"Mngeniambia tu kwamba mmeshanakili," Kajuju alisema taratibu, "pengine ningeamini, nikafuta. Asante kwa kuijaribu."

Flashi ilitolewa, ikawekwa kabatini. Kajuju hakutaka ibaki kwenye mashine wakati wa kurejesha.

"Sasa chaja," alisema. "Kompyuta ikizimika katikati ya hii kazi, inaweza kuharibika zaidi."

Juu ya paa lao nyaya kubwa zilitoka bwawani zikienda mbali kuwasha miji. Umeme wa nyumbani kwao ulikatika ulipotaka. Kwa hiyo waliichaji laptopu mpaka betri ikajaa, na chaja wakaiacha imechomekwa. Umeme ukikatika, betri ingeshika kazi.

Kajuju aliizima, akaiwasha, akawa anagonga kitufe kimoja cha juu.

"Laptopu hii inatumia hiki. Ya kampuni ingine inaweza kuwa na kingine. Mtu anasoma kitabu chake au anauliza, habahatishi."

Ukurasa wa buluu ukatokea, wenye maswali. Kajuju aliyasoma yote kwa sauti, moja baada ya lingine, kabla ya kujibu. Mashine iliuliza kama wanataka kuirudisha hali ya kiwandani. Ikawaonya kwamba vitu vyao vitafutika. Ikauliza kama wana hakika.

Kajuju alimgeukia Wambeti. "Bonyeza wewe, mama."

Wambeti alijipangusa kidole kwenye leso. Alilitazama kabati, kisha akabonyeza.

Kazi ilikwenda polepole. Laptopu ilijizima na kujiwasha yenyewe, na kila ilipozima Runji alinyoosha mkono kuisaidia. Kila aliponyoosha mkono, Wambeti aliupiga kofi kidogo. Walikula ugali na kunde pale pale mezani, wakiilinda. Mwishowe kioo kilijaa mwanga safi, na mashine ikawakaribisha kama wageni.

Ilifunguka upesi hata Runji akarudi nyuma. Hakuna kamari iliyoruka. Kajuju aliiwekea nywila, akaiacha ijipatie masasisho ya usalama, na akaikagua flashi isije ikarudisha virusi. Nyimbo zilirudi, picha zikarudi. Ile programu ya bure haikurudi.

"Ukitaka ya kuandikia nyimbo, uliza kwanza," Kajuju alisema. "Kuna za bure ambazo ni safi. Lakini mtu anajua anatoa wapi."

"Na kile kipande cha mwisho?" Runji aliuliza.

"Bado kipo. Mtakitumia tena siku ingine mkihitaji. Lakini diski yenyewe ikivunjika, nacho kinavunjika. Ndiyo maana vitu vya maana vinakaa pia nje, zaidi ya mahali pamoja."

"Mimi sikigusi tena," Runji alisema.

"Basi kimepata bahati," Wambeti alijibu. "Kibuyu changu hakikupata."

Siku iliyofuata aliomba nakala nyingine ya sauti iwekwe kwa Kajuju. Mbegu zake pia huwa anampa jirani kidogo, ili za kwake zikiharibika ajue pa kwenda. Hakuona kwa nini sauti ya mama yake ihifadhiwe vibaya kuliko ndengu.

Jumamosi, kabla ya keki, watu walinyamazishwa. Laptopu ilikuwa mezani, wazi, kitambaa cheupe kimekunjwa kando yake. Runji alibofya faili isiyo na mshale. Cucu Ciakuthii akakohoa mbele ya watu wote, na wale waliomjua wakashika vifua. Alipomfukuza kuku, uwanja mzima ulicheka, Mbeere na Meru kwa pamoja, na Mutugi wa Kinoru akacheka kuliko wote. Mukami hakucheka. Alikuwa ameshika mkono wa mama yake, machozi yakiteremka kwenye shela.

Jioni, bibi harusi alipokuwa akiondoka, Wambeti alimletea kibuyu kidogo. Ndani yake kulikuwa na ndengu zenye majivu. Nje, shingoni mwa kibuyu, alikuwa amefunga flashi ndani ya karatasi safi ya nailoni.

Runji alikitazama kibuyu kwa mshangao. "Zilikuwa wapi?" aliuliza.

Mkewe alijifanya hakusikia. Alimgeukia binti yake, akagusa kibuyu, kisha akagusa flashi.

"Hii usipike," alisema. "Na hii usifute."